Sere ya nyanya Lubumbashi: ifunge ikiwa tupu, ifungue ikiwa na mmea

«Papa agronomu, jambo. Niko Bel-Air. Mwaka jana mume wangu alinijengea sere, ile nyumba ya plastiki ya kukuzia mimea, nyuma ya nyumba, mita 8 kwa 5, mabomba ya chuma na plastiki inayopitisha mwanga, mlango mmoja wa mbele. Nilipanda nyanya mwezi wa nane. Zilikua vizuri hadi zikanipita urefu, lakini mwezi wa kumi maua yakaanza kudondoka. Matunda machache yaliyoshika yakawa meusi upande wa chini. Kisha mimea kumi na kitu ikanyauka, mmoja baada ya mwingine, majani yakiwa bado ya kijani. Nilipiga dawa tatu tofauti, hakuna kilichobadilika. Sasa nimesoma maelekezo ya watu wa Ulaya kuhusu kutayarisha sere kwa majira ya kuchipua: osha plastiki, ziba kila tundu, joto lisitoke, panda mapema. Kwetu baridi inaisha mwezi wa nane, kwa hiyo nataka kuziba sere yote na kupanda tena. Ni nini kingine nifanye? Na je, nibadilishe udongo wote?»

Mama, umeeleza vizuri sana, na maelezo yako yenyewe yana nusu ya jibu. Unaogopa kupoteza msimu wa pili, na mimi ninaogopa hivyohivyo ukiziba ile sere na kupanda mwezi wa nane. Ulipata matatizo matatu, kila moja na chanzo chake, na hakuna hata moja kati yake linalotibika kwa dawa ya kupuliza. Kwa hiyo usijilaumu kwamba ulichagua dawa mbaya.

Nianze na yale maelekezo. Kwa wale walioandikiwa ni sahihi. Mwezi wa tatu kule siku zinarefuka, lakini usiku bado barafu inaweza kuua mche, na sere inampa mkulima wiki kadhaa za kutangulia. Sisi tuko nyuzi 11 na kitu kusini ya ikweta, kwenye mwinuko wa mita zaidi ya 1,200. Baridi yetu ya mwezi wa sita na wa saba ni ya kweli, alfajiri inashuka chini ya nyuzi 10 na watoto wanaenda shule na makoti. Ila baridi hiyo ikiisha, kinachofuata si hali ya hewa ya upole. Ni mwezi wa tisa na wa kumi, jua bila wingu, mchana nyuzi 32 na zaidi, joto kali kuliko mwezi mwingine wowote wa mwaka. Ukifunga joto ndani wakati huo, unaipika mimea yako.

Na kitu kinachoua nyanya za nje hapa Lubumbashi si baridi. Ni mvua. Kuanzia mwezi wa kumi na moja hadi wa tatu majani hayakauki, na ule ukungu unaoitwa mildiu unaweza kuangusha shamba zima kwa siku chache. Ndiyo sababu mwezi wa kwanza nyanya sokoni inapanda bei na tunangojea malori ya Zambia yapite mpaka wa Kasumbalesa. Kwa hiyo sere yako ichukue kama mwavuli: kazi yake kuu ni kuzuia mvua isiguse majani. Ukilikubali hilo, maandalizi yote yanabadilika, hata tarehe ya kupanda.

Sasa maua. Mwanga wa jua unapita kwenye plastiki, unapiga udongo na majani, navyo vinapasha hewa joto. Nje hewa hiyo ingepanda juu na nyingine ya baridi ingeingia mahali pake. Ndani haina pa kutokea, basi inazidi kupata moto. Sere ya mita 40 za mraba yenye mlango mmoja tu, saa saba mchana mwezi wa kumi, inaweza kupita nyuzi 40 kwa urahisi. Nyanya hustahimili joto hilo kwa majani yake, ndiyo maana zako zilikua ndefu, lakini ua halivumilii. Mchana ukipita nyuzi 32 hadi 35 siku kadhaa mfululizo, chavua inakufa au haishiki, ua linakaa siku mbili tatu, shingo yake inageuka njano, linadondoka. Tena nyanya hujichavusha yenyewe, lakini inahitaji kutikiswa, na nje upepo hufanya kazi hiyo. Ndani ya sere iliyofungwa hakuna upepo. Ukizidisha mbolea ya kuku mbichi au urea, mmea unakimbilia majani na kusahau matunda, na nikisoma kwamba zilikupita urefu, ninashuku hilo nalo lilikuwepo.

Dawa yake ni hewa. Kipimo tunachotumia ni kwamba nafasi za kupitisha hewa zifikie angalau sehemu moja ya tano ya eneo la chini. Wewe una mita 40 za mraba, kwa hiyo unahitaji mita 8 za mraba. Mlango wako, nikikadiria mita 1 kwa 2, unakupa 2. Kata plastiki ya pande zote mbili ndefu, ifunge kwenye mti au bomba jepesi ili iweze kuviringishwa juu hadi kimo cha mita 1, na tayari una mita 16 za mraba. Ukiweza pia kuacha mwanya chini ya ukingo wa paa, upande usiopigwa na mvua, fanya hivyo, kwa sababu hewa ya moto hukusanyika juu na madirisha ya pembeni peke yake hayaitoi yote. Nunua kipimajoto cha bei ndogo, kitundike kimo cha maua, kikiwa kivulini. Kikipigwa na jua kitakudanganya. Kila asubuhi kama saa tatu nne hivi, gongagonga kamba zinazoshikilia mimea. Utaona unga wa njano ukiruka, na hiyo ndiyo chavua.

Watu wengi huniuliza: na usiku, si ni bora kufunga? Kwa plastiki ya kawaida faida ni ndogo kuliko wanavyodhani. Plastiki hiyo huruhusu joto la udongo litoroke kuelekea angani, na usiku mkavu usio na mawingu sere isiyo na moto inaweza kuwa na baridi karibu sawa na ya nje. Wakati wa mvua, kuifunga usiku kunaleta jambo baya zaidi: unyevu unageuka maji chini ya plastiki, matone yanadondokea majani, na ukungu unapata maji uliyotaka kuuzuilia. Mvua ya upepo ikija, shusha pande. Ikipita, inua tena, hata kama ni usiku.

Weusi wa chini ya tunda si ugonjwa wa kuambukiza. Ni tunda lililokosa kalisiamu wakati likiwa dogo kama gololi, na mara nyingi kalisiamu ipo ndani ya udongo, ila haikufika. Kalisiamu husafiri na maji tu. Mmea ukikauka siku mbili halafu ukamwagiwa ndoo nzima, au joto likawa kali hadi maji yote yavutwe na majani, ncha ya tunda ndiyo inayobaki bila kitu. Kwa hiyo mwagilia kidogo na kila siku. Mmea mkubwa wenye maua unataka lita 1 hadi 2 kwa siku, na zaidi kidogo kwenye joto. Kama maji ya bomba kwenu yanakuja kwa zamu, weka pipa la lita 200 juu ya matofali, kimo cha mita 1, na mirija ya matone ikitoka chini yake. Funika mizizi na majani makavu. Udongo wetu mwekundu una tindikali nyingi pia, hivyo chokaa ya kilimo inasaidia, ile inayotoka upande wa Likasi inapatikana bila shida. Uliza iliyosagwa ya kilimo, si ile ya moto ya kupaka nyumba inayochoma mikono. Iweke wiki kadhaa kabla ya kupanda, na usiichanganye siku moja na mbolea ya kuku, kwa sababu naitrojeni itatoka kama harufu na utabaki na takataka.

Kunyauka ndiko kunakonitia wasiwasi zaidi. Mmea unaolala mchana ukiwa wa kijani, unaamka usiku, na baada ya siku chache hauamki tena, kwa kawaida una mnyauko wa bakteria. Bakteria hao wanaishi ndani ya udongo, wanaingia kwa mizizi na kuziba njia za maji. Ukimwagilia zaidi hausaidii kitu, unawasambaza. Majivu hayasaidii, dawa za ukungu hazisaidii, na yule anayekuuzia chupa isiyo na karatasi akisema «hii inaua kila kitu» anauza maji au sumu.

Kuna jaribio unaloweza kulifanya mwenyewe jikoni. Chukua mmea unaonyauka, kata kipande cha shina karibu na udongo, urefu wa kidole. Jaza glasi ya kioo maji safi, shikilia kipande hicho kwa juu ili ncha ya chini tu izame, na usikitikise. Weka glasi mbele ya kitu cheusi. Kama ni bakteria, baada ya dakika chache utaona nyuzi nyembamba nyeupe zikishuka kutoka kwenye shina, kama moshi wa sigara uliogeuzwa chini, na baadaye maji yote yanakuwa ya maziwa. Kama maji yanabaki safi, ng'oa mmea mwingine uangalie mizizi: ikiwa na vinundu vinundu, hao ni minyoo wadogo wa mizizi. Kama huna hata mmea mmoja uliobaki wa mwaka jana, panda miche michache ya nyanya ya kujaribia pale pale ilipokufa mingine, iwe ya kukuonyesha.

Kuhusu kubadilisha udongo wote, hapana. Mita 40 za mraba kwa kina cha sentimita 30 ni mita za ujazo 12. Utalipa lori na vijana wa kuchimba, na bakteria waliobaki chini watapanda tena. Fanya mambo mawili badala yake.

La kwanza ni kuunguza udongo kwa jua, na hapa ndipo mwezi wa tisa wetu, ule unaoharibu maua, unageuka kuwa rafiki. Mwezi huu wa nane ng'oa kila kitu, mizizi pia, choma nje ya sere. Lima, vunja mabonge, weka chokaa, mwagilia hadi maji yafike sentimita 30 chini, kwa sababu udongo mkavu haupitishi joto. Mwanzoni mwa mwezi wa tisa tandaza plastiki nyembamba inayopitisha mwanga moja kwa moja juu ya udongo, kingo zake uzifukie. Nyeusi haifai, inajipasha moto yenyewe na kuuacha udongo. Kisha, sasa ndiyo, shusha pande zote za sere, funga mlango, uache wiki sita. Toa kwanza mirija na ndoo za plastiki zisiharibike. Udongo wa juu utapita nyuzi 45, mbegu za magugu na minyoo mingi itakufa, na ukungu mwingi pia. Nisikufiche: kwa bakteria wa mnyauko matokeo ni nusunusu, maana wengine wako chini kuliko joto linavyofika.

Ndiyo maana la pili ni mifuko. Kama jaribio la glasi lilitoa maziwa, usipande nyanya, pilipili, bilingani wala viazi vya mviringo ndani ya udongo huo kwa miaka kadhaa. Panda vitunguu au kabichi sehemu moja, na nyanya zako ziweke kwenye mifuko mitupu ya unga, mche mmoja kwa mfuko, juu ya plastiki ili mizizi isiguse chini. Mifuko 60 ya lita 40 inataka mita za ujazo 2 na nusu tu. Mchanganyiko unaokubali kwetu ni udongo wa kichuguu, ambao una kalisiamu nyingi kuliko udongo mwekundu wa kando yake, pamoja na samadi iliyooza kabisa, na vile vipande vidogo vinavyobaki chini ya mfuko wa mkaa ili maji yapite. Toboa matundu pembeni, sentimita 3 juu ya kitako. Panga, jembe na viatu vya ndani vioshe kwa maji ya javeli (dawa ya klorini ya kufulia) kabla ya kuingia. Inachosha, lakini bakteria husafiri kwa tope kuliko kwa kitu kingine.

Tarehe basi zinajipanga zenyewe. Mbegu zako zipande katikati ya mwezi wa tisa nje ya sere, chini ya kivuli chepesi na wavu. Mwisho wa mwezi wa kumi, udongo ukiwa umekwisha kuungua na mawingu ya kwanza yakianza, hamishia miche ndani, pande zikiwa zimeinuliwa. Joto likiwa bado kali, paka plastiki ya paa pemba, ule udongo mweupe, iliyokorogwa na maji. Itapunguza jua, na mvua kubwa za mwezi wa kumi na moja zitaiosha yenyewe wakati hauihitaji tena. Mavuno ya kwanza yatakuangukia karibu na mwezi wa kwanza, nyanya za nje zikiwa zimeoza. Najua ni vigumu kuangalia sere tupu miezi miwili, jirani wanapita wanauliza. Waache waulize.

Kuosha plastiki, ndiyo, lile la Ulaya linafaa hata huku. Vumbi letu jekundu la kiangazi linakula mwanga mwingi. Tumia maji na kitambaa laini, si brashi. Sehemu plastiki inapogusa bomba la chuma hupata moto na kupasuka kwanza. Zungushia bomba kitambaa cheupe au lipake rangi nyeupe. Ukinunua nyingine, tafuta ile ya sere yenye kinga ya jua, unene wa maikroni 200. Ile ya ujenzi mara nyingi haimalizi mwaka. Kuhusu wavu wa kuzuia nzi weupe pembeni, hapo kuna mvutano wa kweli: wavu mdogo wa kuwazuia kabisa unapunguza hewa sana. Kwa sere yako yenye paa la chini, mimi ningechagua hewa, ningetundika vibao vya njano vyenye gundi, na kung'oa mapema kila mmea wenye majani madogo yaliyojikunja na kuwa njano.

Hujaniuliza jambo moja, lakini siwezi kulipita. Mji wetu ulianza kuyeyusha shaba mwaka 1911, na kwa miaka mingi moshi wa lile bomba kubwa la kiwanda cha shaba ulimwaga shaba, risasi, kadmiamu na aseniki kufuata upepo, kaskazini magharibi, upande wa Penga Penga. Bel-Air haiko kwenye njia hiyo, lakini mchanga, udongo na maji husafirishwa. Usichote mchanga wala maji ya kumwagilia kwenye mito ya Naviundu au Kafubu, na uulize kichuguu unachonunua kimetoka wapi. Nyanya huweka metali kidogo kwenye tunda. Majani kama lengalenga (mchicha) na matembele huweka zaidi, na vumbi lililoshika juu yake ndilo baya kabisa, hivyo osha mara kadhaa. Watu husema chokaa inamaliza tatizo. Inafunga shaba, risasi na kadmiamu, lakini aseniki inaweza hata kuilegeza. Ukiwa na shaka, au kama watoto wanacheza kwenye udongo huo, upime kabla ya kula majani yake: nenda kwenye kitivo cha kilimo cha Université de Lubumbashi na kilo moja ya udongo uliochotwa sehemu tofauti tofauti za shamba, uulize gharama kwanza.

Tafuta pia agronomu aje mwenyewe kama jaribio la glasi halikuonyesha kitu na mimea bado inakufa, au kama vishimo na njia za funza vinaenea kwenye majani na matunda. Usimpelekee jani moja. Mpelekee mmea mzima na mizizi yake yenye udongo, ndani ya mfuko, siku hiyohiyo uliyoung'oa. Na kwa zile dawa tatu zilizobaki stoo: usizipulizie ndani ya sere iliyofungwa. Mtu akipata kichwa kuuma sana, mate kumtoka, kutapika au macho kufifia baada ya kupuliza, mvueni nguo, mwosheni kwa sabuni, mpelekeni hospitali mara moja, na chupa ya dawa mwende nayo.